Mshauri wa Elimu Huanzia Darasani

Askari hupewa uhamisho leo, na kesho hana budi kufunga mizigo pamoja na jamaa yake. Mtoto aliyekuwa darasa la sita huko Gulu hujikuta Mbarara katikati ya muhula. Hapo mzazi hutafuta wa kumwuliza: mtoto aendelee, au arudie darasa? Akimaliza, aende sekondari au chuo cha ufundi? Anayestahili kujibu ni mshauri wa elimu. Tumeona vema kueleza mafunzo yapasayo kazi hiyo, maana wengi hujiita washauri, na shauri baya hupoteza mwaka wa mtoto na mshahara wa mzazi.

Hapa Uganda njia ni ndefu. Kuna miaka 7 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari ya chini, na 2 ya sekondari ya juu. Kisha huja ualimu wenyewe. Kwa miaka mingi walimu wa shule za msingi walianza na cheti cha Daraja la Tatu, wakapanda kwa stashahada, halafu shahada, kama zile zitolewazo Makerere na Kyambogo. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliazimia shahada iwe kiwango cha chini cha kila mwalimu. Tena, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, asiyeandikishwa wala kupewa leseni haruhusiwi kufundisha.

Hata hivyo, karatasi peke yake haitoshi. Askari hafanywi mkufunzi wa shabaha kwa kusoma kitabu. Sharti awe amelenga na kukosa, akalenga tena. Vivyo hivyo, mshauri sharti awe amefundisha miaka kadhaa, ajue mtaala, mitihani, tabia za watoto na uongozi wa shule. Anayetaka kushauri wizara au mashirika, shahada ya uzamili humfaa sana.

Basi, ndugu askari na polisi, kabla ya kulipa, mwulizeni mshauri mambo matatu: Umesomea wapi ualimu? Umeandikishwa? Umefundisha darasa gani, na kwa miaka mingapi? Akijibu na kuonyesha hati zake, msikilizeni. Akibabaika, fedha zenu na zinunue madaftari.