Mahadhi ya dansi, maneno ya Sabato

ANAYEPITA mjini Kisii au Nyamira Jumamosi asubuhi hana haja ya kuuliza kanisa la Waadventista Wasabato liko wapi. Masikio yatamwelekeza. Atasikia soprano, alto, teno na besi zikipokezana bila gitaa, bila ngoma, na mara nyingi bila hata kinanda. Waimbaji wenyewe huuita uimbaji huo akapela, neno la Kiitaliano ambalo maana yake ya asili ni kuimba kwa namna ya kanisani. Mhariri anayetafuta Kiswahili chake atafika kwenye "uimbaji wa sauti tupu", kisha ataona kwamba umma umeshaamua.

Kuhusu sauti hakuna ugomvi. Ugomvi huanza mahadhi yanapotambulika. Kwaya ya vijana inasimama makambini mwezi wa Agosti, inaanza kumsifu Mungu, na mzee aliyeketi mbele anakunja uso kwa kuwa mahadhi hayo aliyasikia juzi katika matatu, au aliyacheza ujanani kabla ya kubatizwa. Je, maneno mapya yanatosha kuutakasa wimbo?

Wayahudi wamelikabili swali hilo hilo, nao wanafanana na Wasabato wetu kwa kuitunza Jumamosi. Wale wanaoishika sheria kwa ukali hawapigi ala siku hiyo. Aidha, katika sehemu ya siku 49 zilizo baina ya Pasaka na sikukuu ya Shavuoti, na tena katika majuma matatu ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, wengi wao hujizuia kusikiliza muziki wa ala. Inayobaki ni sauti ya mwanadamu, na vikundi vya akapela vimepata nafasi hapo.

Mnamo 2010, The Maccabeats, kikundi kilichoanzia Chuo Kikuu cha Yeshiva jijini New York, kiliyachukua mahadhi ya Dynamite, wimbo wa dansi wa Taio Cruz, kikayatia maneno ya sikukuu ya Hanuka na kuuita wimbo huo Candlelight. Video yake ilitazamwa na mamilioni ya watu. Mnamo 2018, kikundi kingine, Six13, kilifanya vivyo hivyo kwa Bohemian Rhapsody ya Queen. Msikilizaji anatarajiwa kuukumbuka wimbo wa awali. Kuutambua ni nusu ya raha yenyewe.

Lakini wana njia nyingine, ya kale zaidi. Wahasidi husimulia kwamba Rabi Yitzchak Isaac Taub wa Kaliv, nchini Hungary, aliyefariki 1821, alimsikia mchunga mifugo akiimba wimbo wa mapenzi. Rabi akaununua kwa fedha, na papo hapo mchungaji akausahau. Ni ngano, lakini ngano yenye akili: wimbo haukuazimwa, bali ulihama pamoja na kumbukumbu yake.

Gusii iliwahi kupata usahaulifu wa aina hiyo bila kuulipia. Wamishenari Waadventista walifika Gendia, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mnamo 1906, na miaka michache baadaye wakafungua kituo cha Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii. Ngoma na obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, zilitazamwa kwa shaka pamoja na pombe na dansi, na waumini wakapewa tenzi zilizotafsiriwa. Hata hivyo, si tenzi zote za Ulaya zilizozaliwa kanisani. Mahadhi ya utenzi mmoja mashuhuri wa mateso ya Kristo, unaoimbwa na madhehebu mengi wakati wa Ijumaa Kuu, yalitungwa na Mjerumani Hans Leo Hassler, naye aliyachapisha 1601 yakiwa ya wimbo wa mapenzi. Mwafrika aliyeyapokea hakuwa na habari za mpenzi huyo. Kwake yalikuwa matakatifu tangu siku ya kwanza.

Mahadhi ya nyumbani hayana bahati hiyo. Chukua esimbore, wimbo unaoimbwa wavulana wa Kigusii wanapotoka kutahiriwa. Maneno yake ni ya utupu usiofichwa, nayo huvumiliwa kwa siku hiyo tu. Siku nyingine zote hutawala chinsoni, ile heshima yenye haya inayomzuia mtu kutaja mambo ya namna hiyo mbele ya mzazi wake au mkwewe. Kwaya ikiyaimba mahadhi hayo kwa maneno ya Zaburi, baba na mwana walioketi benchi moja watayasikia yale ya zamani, na kila mmoja atajua kwamba mwenzake ameyasikia. Hakuna azimio la baraza la kanisa linaloweza kuliondoa hilo.

Maazimio yenyewe yapo. Mwongozo wa muziki ambao Kanisa la Waadventista duniani lilipitisha 1972 ulisema jazi na roki havipatani na kanuni zake. Miaka minane baadaye, vijana wa chuo cha Waadventista cha Oakwood, Alabama, walianzisha kikundi kilichokuja kuitwa Take 6, wakaimba nyimbo za kiroho kwa upatanifu wa jazi tupu. Ni vigumu kuzisikiliza akapela za vijana wa siku hizi, besi ikiguna kama gitaa na mdomo ukigonga kama ngoma, bila kuwakumbuka. Mimi katika besi ya Kisii huisikia pia obokano, ingawa najua wako watakaonikanusha.

Benga imesimama katikati. Mahadhi ya marehemu Christopher Monyoncho hayavunji chinsoni kama esimbore, ila yanakumbusha baa. Hapo huenda miaka ikasaidia, kwani kizazi kisichoyajua kitayapokea kama tulivyoyapokea ya Hassler.

Sheria, hata hivyo, haisahau upesi hivyo. Hakimiliki nchini Kenya hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kubadili maneno hakuifuti haki iliyo katika mahadhi. Kwaya inayotaka kurekodi na kuuza yapasa iombe ruhusa. Hassler hana tena wa kumdaia. Warithi wa mwanabenga wapo, na huenda wameketi safu ya tatu, Sabato hiyo hiyo, wakisikiliza.