Datsun 240Z: gari la spoti linalopita mikononi mwa wapenzi wake

Datsun 240Z ni gari la spoti la viti viwili lililotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani. Lilitoka mwishoni mwa 1969. Japani liliitwa Fairlady Z, na Marekani, soko lililolengwa hasa, bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 3,526. Yutaka Katayama, aliyeongoza shughuli za Nissan huko Marekani, alikuwa mtetezi wake mkubwa: alitaka gari la spoti ambalo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kulimudu. Toleo hilo liliendelea hadi 1973, likafuatwa na 260Z, kisha 280Z, na uzao huo wa kwanza ukakoma 1978.

Afrika ya Mashariki ililijua gari hili kwa vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari, zilizopita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalipatia ushindi wa pili akiwa na msoma ramani wake, Lofty Drews. Ushindi huo uliwaonyesha wanunuzi kwamba umbo lile jembamba lilibeba mitambo ya kazi.

Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na kamshafti iliyo juu huzungushwa kwa cheni. Magurudumu yote manne yana springi zinazojitegemea. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za ngoma. Ikibadilishwa oili kwa wakati na isipoachwa ichemke, injini hii hudumu sana, na hata ikifa, nyingine ya jamii yake hupatikana. Kwa sababu hiyo anayelijua gari hili hukagua bodi kwanza, injini baadaye.

Adui wa bodi ni kutu. Bati lake ni jembamba, na halikuwa na kinga ya kutosha kiwandani. Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya sahani ya betri, kwenye sakafu chini ya mazulia, ndani ya mihimili inayopita chini ya sakafu, kwenye kona za chini mbele ya magurudumu ya nyuma, na chini ya kioo cha mbele mahali maji ya mvua yanapotuama. Rangi mpya inayong'aa inaweza kufunika lipu iliyojazwa juu ya matundu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hufichua hila hiyo, kwa kuwa hainati pasipo na chuma. Mihimili iliyooza inahitaji fundi wa kuchomelea anayeweza kurejesha vipimo vya kiwandani, na gharama yake mara nyingi huzidi ile ya kufanyia injini ukarabati kamili.

Baada ya bodi hufuata utambulisho. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta unaotenga injini na sehemu ya abiria. Huanza na HLS30 kwa gari la usukani wa kushoto lililouzwa nje, na HS30 kwa la usukani wa kulia. Kibati kilichomo chini ya boneti huonyesha namba hiyo pamoja na ya injini. Zote zikilingana na kadi ya gari, thamani hupanda. Zisipolingana gari bado linaweza kuwa zuri, ila muuzaji anapaswa kueleza injini iliyomo ilitoka wapi.

Uendeshaji wake unahitaji mazoea. Asubuhi yenye baridi huvutwa choki, na injini huachwa ipate joto kidogo kabla ya kuongezwa mafuta. Usukani hauna msaada wa pampu: ni mzito wakati wa kuegesha, lakini mwendoni huwa mwepesi na humwonyesha dereva hali ya barabara. Hakuna mtambo wa kuzuia matairi yasisote, hivyo breki hukanyagwa mapema na kwa kipimo. Harufu ya moshi ndani ya gari ni lawama ya kawaida. Husababishwa na mpira uliochakaa wa mlango wa nyuma, unaoruhusu hewa chafu ya ekzosi kuvutwa ndani.

Matunzo yake si magumu, ila hayaahirishwi. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa. Kabureta mbili husawazishwa zivute hewa kwa kiasi kimoja, na vikombe vyake huongezwa oili. Gari lililolala muda mrefu huharibika kimyakimya: mipira ya breki hukauka, petroli huacha gundi, na matairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzima. Safari fupi za mara kwa mara hulifaa kuliko kulifunika turubai mwaka mzima.

Wamiliki hutofautiana juu ya mabadiliko. Wengine hutaka kila kitu kibaki cha kiwandani. Wengine huweka mfumo wa kielektroniki wa kuwashia au gia tano, kwa kuwa magari ya Marekani yalikuja na gia nne. Mabadiliko yasiyohitaji kukata bodi hayana madhara ya kudumu, mradi vipuri vilivyotolewa vihifadhiwe.

Kwa hiyo makabidhiano kamili huwa na zaidi ya funguo: kadi, risiti, picha za ukarabati na sanduku la vipuri vya asili. Mmiliki mpya, hata akiambiwa yote yamefanyika, hubadilisha oili zote, maji ya breki, mipira ya petroli na matairi yaliyozeeka kabla ya safari ndefu ya kwanza.