Wale wanaopiga makofi kwenye filamu za Kihindi ni nani?

Niko Mtwara. Korosho zimeshauzwa, mji mzima ni harusi tu, usiku hatulali kwa muziki. Ndiyo maana nimekumbuka hili.

Kama umekulia huku, banda la video unalijua. La kwetu lilikuwa Chikongola, kiingilio shilingi mia, mabenchi ya mbao, na kila Jumapili filamu ya Kihindi. Kuna sehemu moja ilikuwa lazima banda zima lilipuke kwa kicheko. Sherehe inaendelea, mara wanaingia watu wamevaa sari, sauti nzito, wanapiga makofi vidole vimetanuka, wanadai hela. Jamaa aliyekuwa anatutafsiria aliwaita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Mimi nilidhani ni vichekesho vya sinema tu. Kumbe ni watu kweli, na nimemaliza wiki mbili za hela ya kafe nikiwasoma.

Wanaitwa hijra. Usichanganye na Hijra ya Mtume tuliyofundishwa madrasa, hilo ni jina la watu huko India, Bangladesh na Pakistan. Pakistan wengi wanapendelea kuitwa khwaja sira. Wengi walizaliwa na maumbile ya kiume lakini wanaishi kama wanawake, au wanasema wao si wanaume wala si wanawake. Wachache wamezaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi, yaani huntha. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa mtaani yanatupwa kapu moja.

Kwa imani ya watu wa huko, dua ya hijra inaleta uzazi na baraka, na laana yake inaogopwa. Mtoto akizaliwa au bi harusi akiletwa, wanakuja kuimba na kucheza, mwenye nyumba anatoa hela inayoitwa badhai. Enzi za wafalme wa Kimughal, matowashi walilinda nyumba za wake wa mfalme, na wengine walishika vyeo vikubwa.

Sasa kasheshe iko hapa. Huyo huyo aliyembariki mtoto wako, kesho akija kutafuta chumba humpangishi. Wengi wanafukuzwa kwao wakiwa wadogo au wanakimbia kipigo, shule inaishia hapo. Wanapokelewa na guru, ambaye ni mlezi na bosi kwa pamoja, na wao wanakuwa chela wake. Wanapata nyumba na ndugu wapya, lakini guru anachukua sehemu ya mapato yao. Na kazi zenyewe ni zipi? Badhai, kuomba kwenye treni, au kuuza mwili. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu kama watu 488,000 ambao hawakuandikwa wanaume wala wanawake. Wanaojua kusoma walikuwa asilimia 56, wakati kwa nchi nzima ilikuwa kama 74.

Kilichoniacha mdomo wazi ni cha mji wa Patna, mwaka 2006. Mamlaka za mji zilikuwa na wadaiwa sugu wa kodi, zikaajiri hijra waende kuimba na kucheza mlangoni kwa mdaiwa mpaka aone aibu alipe. Wao wakapewa asilimia 4 ya makusanyo. Yaani serikali ilijua kabisa kwamba watu wanaona aibu kusimama nao, ikaigeuza aibu hiyo kuwa ajira.

Mwingereza naye ana mkono wake. Sheria ya mwaka 1871 ya "makabila ya wahalifu" ilikuwa na sehemu nzima ya "matowashi". Polisi waliweka orodha ya waliowatilia shaka. Ukiwa kwenye orodha, ukionekana hadharani na nguo za kike au unacheza ngoma kwa hela, unakamatwa bila hati, jela hadi miaka 2. Hata wosia huruhusiwi kuandika. Hiyo haikufika kwetu, lakini dada yake, Sheria ya Makosa ya Jinai ya India ya 1860, ilitumika hapa Tanganyika baada ya Mjerumani kuondoka, mpaka 1930.

Siku hizi makaratasi yamebadilika. Mahakama ya Juu ya Pakistan ilianza kuwatambua 2009, serikali ya Bangladesh 2013, Mahakama ya Juu ya India Aprili 2014. Pakistan ikatunga sheria yao 2018, ila Mei 2023 mahakama ya sharia ikasema vipengele kadhaa havifai. Karibu na sisi, Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Cha zamani kilikuwa na jina la kiume, na ukipeleka cheti kama hicho kuomba kazi unajua kitakachofuata.

Najua mtaniambia hayo ni ya Wahindi. Haya, basi niwaambie ya kwetu.

Mtaani alikuwepo mtu, jina silitaji. Alipita jando kama sisi, lakini tangu zamani maisha yake yalikuwa upande wa kina mama. (Kiswahili kizuri jamani, "yeye" haiulizi jinsia.) Kwa kupamba bi harusi hakuna aliyemfikia. Walimfuata kutoka Mikindani, Msimbati, mpaka Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma. Kina mama walimwita shoga kwa maana ile ya zamani, rafiki wa kike, kabla neno halijageuzwa tusi.

Dada yangu alipoolewa alimpaka hina kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Pilau ikapakuliwa, watu wakakaa kwenye majamvi, hakuna aliyemsogezea sinia. Mama mkubwa akatia chakula kwenye mfuko wa rambo, akaniita: "Mpelekee, akale kwake."

Nikaupeleka mimi, alikuwa uani ananawa mikono. Akaupokea, akasema, "Ahsante mdogo wangu. Mwambie dada yako asishike maji mpaka hina ikauke."