Mtoto wa Mbwa na Sanduku Lake

Ndugu wakulima wa Kasulu na Kibondo, maharage yakishavunwa yanaanikwa uani. Na yule mtoto wa mbwa uliyemleta ili akikua afukuze nyani kwenye mahindi, naye anashinda hapo hapo uani. Unaamka asubuhi, unakuta amejisaidia juu ya mkeka wa maharage. Unachukua fimbo. Hebu iweke chini kwanza, tuzungumze.

Wako wanaosema mbwa ni mchafu kwa asili. Sivyo. Mbwa hapendi kuchafua pale anapolala. Miguu yake ikishapata nguvu tu, hutoka kwenye malazi akajisaidia pembeni. Tabia hiyo ndiyo tutakayoitumia, na chombo chetu ni sanduku la mbao lenye nafasi za kupitisha hewa.

Kipimo chake ni hiki: aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Basi. Likiwa kubwa mno atalala upande huu na kuchafua upande ule. Kama ulilo nalo ni kubwa, kinga sehemu kwa ubao, uusogeze kadiri anavyokua. Tenga la matete halifai, atalitafuna. Tandika gunia kuukuu, maana baridi ya Juni na Julai huko juu mnaijua wenyewe. Siku za kwanza usimfungie. Mwekee chakula humo, mlango wazi, aingie kwa hiari yake.

Sasa kazi yenyewe. Akiamka, mtoe. Akimaliza kula, mtoe. Akimaliza kucheza, mtoe. Wa miezi 2 hawezi kujizuia zaidi ya muda wa saa 2 au 3, kwa hiyo hata usiku itabidi uamke. Mpeleke mahali pale pale kila mara, mbali na bustani na kisima. Akijisaidia, msifu papo hapo, mpe kitonge cha ugali. Ukichelewa, hajui unamsifia nini. Na fimbo ni vivyo hivyo: ukimpiga asubuhi kwa kosa la usiku, anajifunza kukuogopa wewe na kujisaidia kwa kujificha, basi. Pale alipochafua paoshe kwa maji na sabuni mpaka harufu iishe, la sivyo atarudi hapo hapo.

Lakini sanduku si gereza. Ukienda shamba kutwa nzima usimwache amefungiwa humo. Mwachie kivuli na maji, na mtu wa kumwangalia.

Utauliza, taabu yote hii ya nini? Ni minyoo, ndugu yangu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo, wameipata tumboni mwa mama. Mayai yake hutoka na kinyesi na kukaa udongoni miezi mingi. Mtoto wako akichezea udongo ule kisha akatia vidole kinywani, anayameza, na minyoo ile yaweza kumfika hata machoni. Ila mayai mapya hayaambukizi mpaka yapite majuma 2 au zaidi. Basi zoa kinyesi kila siku kwa jembe, kifukie, wala usikichanganye na mbolea ya mboga. Mwone Bwana Mifugo akupe dawa ya minyoo, na mbwa akifikisha miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa.

Kwenye miezi 6 hivi wengi huwa wameshazoea. Hapo ng'oa mlango wa sanduku. Utamkuta bado analala humo mwenyewe.