Frere Town: Mji Mdogo wa Makimbilio Karibu na Mombasa

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Lutu, ambaye siku ya kuangamizwa kwa Sodoma aliomba ruhusa ya kukimbilia mji mdogo uliokuwa karibu. Mji huo ukaitwa Soari, na maana yake ni udogo. Tena katika torati Waisraeli waliamriwa kutenga miji sita ya makimbilio. Mambo hayo twayafundisha kana kwamba ni ya nchi za mbali tu. Lakini katika pwani ya Afrika ya Mashariki palikuwako mji mdogo wa namna hiyo, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni. Jina lake ni Frere Town.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja, kumtaka Sultani Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Tarehe 5 Juni mwaka huo mapatano yakatiwa sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini biashara haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kusafiri kwa siri, na manowari za Waingereza zikawa zikiyakamata. Ndipo likatokea swali zito: mtu aliyetolewa ndani ya jahazi apelekwe wapi? Kwao ni mbali, hata mtoto hajui njia. Wazazi wake pengine wamekufa, na kijiji chake kimechomwa moto. Kumfungua mtu minyororo na kumwacha ufuoni peke yake ni kumtia tena mikononi mwa mshikaji.

Hapo kwanza wengi wa waliookolewa walipelekwa Bara Hindi, wakalelewa na misheni huko Nasik, karibu na Bombay, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Padre William Salter Price alikuwa mlezi wao huko. Basi mwaka 1874 Church Missionary Society ilimtuma Mombasa kuanzisha makao ya watu waliowekwa huru. Akapata ardhi Kisauni, na mji ukaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Si mbali na hapo palikuwa tayari na kaburi la Bibi Rosina, mkewe Dakta Krapf, aliyefariki mwaka 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa.

Wenyeji wa mji huo walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi. Hawakuwa na lugha moja, wala mzee mmoja wa ukoo wa kuwaamua. Kiswahili kikawa lugha yao. Kengele ikawaita kazini, shuleni na kanisani. Tena husimuliwa ya kuwa kengele hiyo ililizwa kuwaonya watu wakati wa hatari ya wauza watumwa. Hata leo mahali pale huitwa Kengeleni.

Wale waliotoka Bara Hindi wakawa mafundi, walimu na viongozi. Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa katika wale waliouchukua mwili wa Dakta Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Akaishi hata mwaka 1935. Wengine wawili, William Jones na Ishmael Semler, waliofika Rabai tangu mwaka 1864, waliwekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885 kuwa mashemasi. Mwaka huohuo askofu alisafiri kwenda Uganda pamoja na Jones. Askofu akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki mpaka wakarudi Rabai. Tafakarini jambo hili, enyi wasomaji: mtoto aliyeuzwa kama mbuzi akawa mchungaji wa watu, akawaleta nyumbani wenzake wakati wa msiba.

Lakini si haki kuusifu mji huo kana kwamba haukuwa na doa. Habari ya watoro ilileta fitina kubwa. Mateka waliotolewa majahazini walikuwa huru kwa sheria, bali mtoro aliyekimbia shamba la bwana wake hakuwa huru, na mabwana wa Mombasa wakakasirika, hata wakatishia kuushambulia mji. Jambo hilo lilituliwa Rabai mwanzo wa mwaka 1889, watoro zaidi ya elfu moja walipopewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa fedha. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilijulikana ya kuwa watu wa Frere Town wenyewe walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa kwa amri ya msimamizi wao Mzungu, hata ikabidi Padre Price arudi kutengeneza mambo. Sisi walimu na tuliangalie neno hilo. Mtu aliyekimbia kiboko cha bwana wake akikuta kiboko kingine mlangoni pa kanisa, atauonaje uhuru aliohubiriwa?

Udogo wa mji haukuzuia matunda yake. Chuo cha wachungaji kilichoanzishwa hapo mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mwana wa mji huo, James Mbotela, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, ili habari za wazee zisipotee. Daraja la Nyali lilipojengwa mwaka 1931, na jingine mwaka 1980, Mombasa ikavuka maji ikaumeza mji mdogo. Sasa Frere Town ni mtaa mmoja katika jiji, lakini kanisa na kengele vingalipo.

Basi, nyumba za Kikristo zijifunze nini? Zamani watu wa pwani na wa bara waliwacheka wenyeji wa mji huo wakisema, "Hawa hawana ukoo." Neno hilo halijafa. Kijana akileta mchumba aliyelelewa na misheni, wazazi huuliza, "Kwao ni wapi? Babu yake nani?" Mtoto yatima akiingia nyumbani, hupewa sahani ya mwisho. Katika Frere Town watu wasio na damu moja walizikana, wakaoana, wakaleana watoto. Huo nao ni ukoo, na sisi tuliobatizwa katika ubatizo mmoja hatuwezi kuukana. Jioni ya leo, baada ya sala, baba na wasimulie watoto habari hizi. Na kama ndani ya nyumba yumo asiye na kwao, na aketi karibu, asikie ya kuwa hapo ndipo kwao.