Utangulizi: Kuotesha na Kupima

Mwanga wa taa nyeupe ya LED huanza ukiwa wa buluu. Hutoka kwenye tabaka za nitridi ya galiamu na indiamu zenye unene wa mikroni chache tu, na poda ya njano iliyo juu yake ndiyo huugeuza kuwa mweupe. Kitabu hiki kinahusu tabaka hizo.

Kuziotesha ni kazi ya subira. Kisahani cha yakuti hupashwa moto hadi nyuzi 1,000 na zaidi, kisha hupitishiwa amonia na mvuke wenye galiamu. Galiamu na naitrojeni hushikana, zikajipanga safu juu ya safu. Lakini mpangilio wa atomi za yakuti haulingani na wa nitridi. Tofauti yake ni takriban asilimia 16, na kwa miaka mingi watafiti waliambulia utando wenye mabonge na nyufa. Mwaka 1986, Hiroshi Amano na mwalimu wake Isamu Akasaki, wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walitandika kwanza tabaka nyembamba ya nitridi ya alumini kwa joto la chini. Utando uliofuata ukatoka laini na angavu. Kasoro zilibaki kwa mamia ya mamilioni, hata mabilioni, katika kila sentimita ya mraba, na taa inawaka vivyo hivyo! Fumbo hilo lina sura yake.

Wanafunzi wengi hukimbilia tanuri na kuviona vipimo kama karani wa kuhakiki hesabu. Sikubaliani nao. Amano alikuwa akichunguza sampuli kwa miale ya elektroni alipoona mwanga wake ukizidi kadiri alivyoichunguza: kipimo chenyewe kilikuwa kinaubadilisha utando. Mwaka 1989 miale hiyo, ikielekezwa kwenye utando uliotiwa magnesiamu, iliwapa yeye na Akasaki nitridi ya galiamu ya aina ya p, yaani inayopitisha umeme kwa chaji chanya, iliyokuwa imewashinda wengi. Sababu ilidhihirika mwaka 1992, Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alipoonyesha kwamba haidrojeni iliyonaswa wakati wa kuotesha ndiyo iliyoizima magnesiamu, na kwamba kupasha moto ndani ya naitrojeni kunatosha kuifukuza. Watatu hao walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014.

Basi karibu, msomaji. Ukitaka kuanza na sura za eksirei na mng'ao kabla ya zile za tanuri, anza nazo, hutapotea.