Bajeti ya kaboni ni nini, na inatuhusu nini sisi wakulima?



Kila mara tunapokutana nanyi kuongea juu ya miti, makala na mvua, kuko swali moja ambalo halikosi kuulizwa: «Sisi tunakatazwa kukata miti na kuchoma mashamba. Na wale wenye viwanda vikubwa, wenye moshi mingi, wao nani anawakataza?»

Hilo ni swali la haki, tena ni swali la mtu anayejua hesabu. Katika toleo hili tunataka kulijibu vizuri. Kuko inchi ambazo zimetunga sheria ya kujikataza zenyewe. Chombo wanachotumia kinaitwa bajeti ya kaboni. Tutaeleza namna kinavyofanya kazi, mahali kinaposaidia, mahali kinapokosea, na sababu gani mwanamemba wa koperative anapashwa kukijua.

Store moja kwa dunia nzima

Tunapochoma petroli, mazutu, makaa ya mawe au pori, kunatoka gesi ya kaboni. Gesi ile inakaa hewani na kuzuia joto lisitoke, sawa vile bulangeti inavyofanya kwa mtu aliyelala. Nyingine haiondoki mwaka huo wala mwaka unaofuata. Inaweza kubaki hewani kwa mamia ya miaka. Njo sababu wataalamu hawahesabu moshi wa leo tu. Wanahesabu jumla, yaani yote yaliyotoka tangu zamani pamoja na yote yatakayotoka.

Mfikirie store ya mahindi. Familia imevuna magunia 10, na mavuno mengine yatakuja kisha miezi mitano. Wakikula magunia mawili kila mwezi, watafika. Wakikula manne mwezi wa kwanza na manne mwezi wa pili, kutabaki mawili kwa miezi mitatu, na njaa itaingia hata kama mwishoni wanajifunga mukaba. Mtu mwenye akili hasemi tu «tutapunguza kula siku moja.» Anagawa magunia tangu mwanzo.

Hewa nayo iko na store yake. Mwaka 2021, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaoitwa GIEC walitoa hesabu hii: tukihesabu tangu mwanzo wa 2020, dunia yote ilikuwa imebakiza karibu tani miliyari 500 za gesi ya kaboni, ikiwa tunataka kuwa na bahati nusu kwa nusu ya kutopita digri 1,5 ya joto lililoongezeka. Na kila mwaka dunia inatoa karibu tani miliyari 40. Gawanya mwenyewe: ni miaka 12 na kidogo. Hiyo ndiyo bajeti ya dunia, na inaendelea kuliwa.

Ahadi si sheria

Wakubwa wa inchi wamezoea kutoa ahadi: «Mwaka 2050 tutakuwa safi.» Lakini anayeahidi leo, mwaka 2050 hatakuwa tena kwenye kiti. Sisi wa koperative tunajua jambo hilo. Prezida akisema katika mkutano kwamba deni litalipwa kisha miaka 30, wanamemba watamuuliza: mwaka huu utalipa ngapi? Na mwaka ujao? Na usipolipa, nani atakuuliza?

Uingereza ni inchi ambayo viwanda vyake vilianza kuchoma makaa ya mawe mapema kuliko vya wengine. Tangu 2005, raia wengi huko walianza kuwaandikia wabunge wao na kuwaomba watunge sheria ya kupunguza gesi mwaka kwa mwaka. Tarehe 26 Novemba 2008 sheria hiyo ilipita, na wabunge wa vyama vyote vikubwa waliikubali. Ilikuwa inchi ya kwanza kuweka lengo la muda mrefu namna hiyo ndani ya sheria. Mwanzoni sheria ilisema gesi ipungue kwa 80% mpaka 2050, ikilinganishwa na mwaka 1990. Mwaka 2019 waliibadilisha na kusema 100%: gesi itakayotoka isipite ile inayorudishwa na miti, udongo au mashine.

Namna sheria inavyofanya kazi

Ili kuielewa, tutumie vyombo vya koperative ambavyo mnavijua.

Bajeti. Serikali haipangi mwaka 2050 peke yake. Inagawa safari katika vipindi vya miaka mitano. Kila kipindi kiko na kiasi cha gesi kisichopashwa kupitwa. Ni miaka mitano, hapana mmoja, juu mwaka mmoja unaweza kuwa na baridi kali na watu wakachoma mingi, na mwaka unaofuata ukawa wa joto.

Kutangaza mapema. Kila bajeti inawekwa miaka 12 kabla ya kuanza. Mwenye kujenga kiwanda cha umeme au kununua makamio anajua tangu sasa sheria itamruhusu nini. Ni sawa na mkulima wa kahawa: mche uliopandwa leo hauzai kesho, kwa hiyo mtu anapashwa kujua soko la mbele.

Komite ya usimamizi. Kuko komite ya wataalamu ambayo haiko chini ya chama chochote. Inashauri kiasi cha kila bajeti, na kila mwaka inapeleka raporti bungeni: tulipanga hivi, tumefika hapa. Serikali inapashwa kuijibu. Haiwezi kuiweka raporti ndani ya droo na kunyamaza.

Mkutano mkuu. Bunge ndilo linalopitisha bajeti. Likishaipitisha, inakuwa sheria, na serikali mpya ikiingia inaikuta pale pale.

Tribinali. Serikali ikivunja sheria hiyo, raia wanaweza kuishitaki.

Tazama hesabu. Bajeti ya kwanza, 2008 mpaka 2012, ilikuwa tani milioni 3018 kwa miaka yote mitano. Ya pili ilikuwa 2782, ya tatu 2544, ya inne, inayokwisha 2027, ni 1950. Ya tano ni 1725, na ya sita, 2033 mpaka 2037, ni 965. Ukilinganisha ya kwanza na ya sita, utaona kwamba kiasi kinashuka chini ya theluthi moja.

Je, imezaa matunda?

Bajeti tatu za kwanza ziliheshimiwa. Tusidanganyane: sehemu ya matokeo ya mwanzo ilitokana na kuanguka kwa uchumi mwaka 2008, wakati viwanda vilipopunguza kazi. Lakini kuko mabadiliko ya kweli pia. Mwaka 2012, karibu 40% ya umeme wa Uingereza ulitoka kwa makaa ya mawe. Tarehe 30 Septemba 2024 kiwanda chao cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa. Upepo wa baharini umechukua nafasi kubwa.

Tribinali nayo imesema neno lake. Mwaka 2022 mashirika ya raia yaliishitaki serikali: mpango wake haukuonyesha vizuri namna gani kila hatua itapunguza gesi mpaka bajeti itimie. Majaji waliwapa raia haki. Serikali iliandika mpango mwingine, na mwezi wa tano 2024 majaji walisema huo pia haukufuata sheria. Hapo mnaona tofauti kati ya ahadi na sheria. Kwa ahadi, serikali ingeomba radhi na kuendelea. Kwa sheria, inarudishwa mezani kuanza tena.

Mahali inapokosea

Sheria hiyo iko na mashimo, na ni vizuri tuyajue.

La kwanza: bajeti inahesabu gesi inayotoka ndani ya inchi yao. Nguo, simu au chuma vilivyotengenezwa katika inchi nyingine vinahesabiwa kule vilikotengenezewa. Mtu anaweza kufunga kiwanda chake, akanunua bidhaa ile ile kwa jirani, na daftari lake likaonekana safi. Hata moshi wa ndege na meli za safari za inje haukuingizwa katika bajeti tano za kwanza. Umeingizwa kuanzia ya sita.

La pili: kilimo. Kule pia ng'ombe wanatoa gesi ya metani na mbolea ya kiwanda inatoa gesi. Sehemu hiyo imepungua pole pole sana kuliko umeme. Kubadilisha kiwanda kimoja ni rahisi kuliko kubadilisha kazi ya maelfu ya wakulima, na hilo sisi hatuhitaji kufundishwa.

La tatu: kredi za kaboni. Sheria inaweza kuruhusu serikali kununua kredi kutoka inje, maana yake kulipa mwengine apunguze kwa niaba yake, lakini inataka kiasi hicho kiwekewe mpaka. Mpaka huo ni wa maana kwetu. Bila mpaka, tajiri anaendelea kuchoma, na mzigo wa kupunguza unahamia katika msitu wa mwengine.

Na sisi Congo?

Congo yetu haina sheria ya bajeti ya kaboni. Iko na ahadi chini ya Mapatano ya Paris. Mwaka 2021 serikali iliandika kwamba itapunguza gesi kwa 21% mpaka 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetoka kama hakuna kitu kinachobadilika. Sehemu kubwa ya ahadi hiyo inategemea msaada wa pesa kutoka inje.

Hatuna viwanda vingi kama Uingereza. Gesi yetu inatoka zaidi katika misitu inayokatwa na ardhi inayogeuzwa mashamba. Tena tunalinda kitu kikubwa: mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba udongo wa mabwawa katikati ya bonde la mto Congo, katika Congo zote mbili, umefunga karibu tani miliyari 30 za kaboni. Ile ikikauka na kuungua, hakuna bajeti ya inchi yoyote itakayotosha.

Sasa tufike kwenye mzizi wa jambo. Siku Congo itakapogawa ile 21% na kuuliza «nani atapunguza ngapi?», watu wa kwanza kutajwa watakuwa mkulima anayechoma pori na mama anayeuza makala. Wao hawana wakili. Kama hawako na daftari lao, hesabu itafanywa na wengine, kisha wao wataletewa tu matokeo. Lakini mama yule anapikia mbabula juu hana umeme. Bajeti ya haki inahesabu moshi wake, na inahesabu pia kile anachopashwa kupewa ili aache makala.

Kuko na mlango mwingine ambao tayari unafunguka: soko. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataa kahawa, kakao, mafuta ya mawese na mbao zilizotoka mahali msitu ulipokatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Siku ya kuanza kuitumia imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanajitayarisha. Watauliza shamba liko wapi hasa, kwa alama za GPS. Asiye na jibu, hata kama hajakata mti hata mmoja, anaweza kukosa mnunuzi.

Tufanye nini katika koperative?

Moja. Pimeni mashamba ya wanamemba na muandike alama za GPS katika daftari la koperative. Daftari libaki kwenu. Mnunuzi apewe nakala.

Mbili. Andikeni miti ya kivuli iliyopandwa ndani ya kahawa na kakao, na shamba gani lilikuwa shamba tangu kabla ya 2021. Hiyo ni ushuhuda wenu.

Tatu. Mahali panapowezekana, mpunguze bila kujiumiza: mbabula zinazotumia makala kidogo, majani ya shamba kuozeshwa yawe mbolea badala ya kuchomwa, miti ya kukua haraka kwa ajili ya kuni.

Ine. Mtu akija na mkataba wa kaboni, msitie sahihi siku hiyo. Mumuulize: Kredi hizi nani atazinunua? Sisi tutapata ngapi kwa kila tani, na lini? Mkataba unafunga ardhi yetu miaka ngapi? Tukikosa kuelewana, tribinali gani itaamua? Majibu yaandikwe, yasomwe kwa mkutano mkuu kwa lugha ambayo wote wanasikia.

Tano. Watumeni wajumbe wenu katika mikutano ya teritware na ya provinsi inapoongea juu ya misitu. Mtu asiyekuwa mezani wakati wa kugawa chakula hapashwi kushangaa akikuta sufuria ni tupu.

Tulianza na swali: wale wa viwanda, nani anawakataza? Jibu ni kwamba mahali pengine raia wenyewe waliwakataza, kwa barua kwanza, kwa sheria kisha, na kwa tribinali wakati sheria ilipopuuzwa. Haikuanza na watu wakubwa. Ilianza na watu waliotaka kuona hesabu. Koperative nayo kila mwaka inafungua daftari mbele ya wanamemba wote na kuuliza: tulipanga ngapi, tumetumia ngapi, nani anajibu? Zoezi hilo mnalijua. Tunawaomba mlifanye pia kwa msitu na kwa hewa.